Usinunue Kasha kwa Ulimi Uliochoka

Jumatatu asubuhi nilikuta ujumbe wa msomaji mmoja. Aliandika: "Kaka, shikamoo. Duka ninalonunua limeshusha mvinyo mpya wiki hii. Nimeonja mmoja mwekundu, umenikamata kabisa. Wanasema umebaki kidogo. Nichukue kasha zima au nisubiri?"

Nilimjibu kwa mstari mmoja: chukua chupa moja. Kisha nikakaa na simu mkononi kwa muda, maana swali hilo nilijiuliza mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, nami nikajijibu vibaya. Yeye nimemjibu kwa ufupi mno. Leo nalimaliza jibu lake, kwa faida yake na yako wewe ambaye, kama mimi, unataka siku moja watu wanyamaze mezani kwa sababu ya chupa uliyoichagua.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Duka lilialika wateja wake kuonja mvinyo uliokuwa umeingia, chupa 14 juu ya meza ndefu, mweupe upande huu na mwekundu upande ule. Wakati ule nilikuwa nimesoma vya kutosha kujiona mjuzi. Nilijua majina ya zabibu na maeneo yake, nilijua hata kuizungusha glasi bila kumwaga. Nikaanza na mweupe mkavu kama inavyotakiwa, nikaingia kwenye mwekundu mwepesi, nikapanda taratibu. Kosa langu ni kwamba sikutema. Ndoo ya kutemea ilikuwa mwisho wa meza na watu waliona haya kuisogelea, nami nikaona haya pamoja nao. Nilipofika chupa ya tisa, ulimi ulikuwa mkavu na fizi zimenikaza. Nilipofika ya 12, nilikuwa natafuta chochote cha kunizindua.

Chupa ya 12 ikanizindua. Mwekundu mzito wenye rangi ya wino, kilevi asilimia 15, harufu ya vanila na kahawa iliyoletwa na mapipa mapya ya mwaloni, na utamu wa mbali unaopita juu ya kila kitu. Baada ya ukakasi wote ule, huu uliteleza kooni. Muuzaji akanisogelea: "Bosi, yamebaki makasha manne tu." Nikachukua mawili. Chupa 24, kwa sababu ya funda moja lililoingia kwenye kinywa kilichochoka.

Dada yangu alikuwa anatimiza miaka kumi ya ndoa, na chakula cha usiku kilikuwa kwangu. Niliwatangazia wote mapema kwamba mvinyo ni juu yangu, mtu asihangaike kuleta. Glasi ya kwanza ilisifiwa sana. Ya pili ilikawia. Kufika katikati ya mlo, nilitupa jicho mezani nikaona glasi nyingi zimesimama nusu. Shemeji yangu, mume wa dada, mtu mpole asiyependa maneno, aliisogeza yake pembeni akajimiminia maji. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: "Shemeji, mvinyo wako ni mzuri, ila umejaa wenyewe. Haumwachii mtu nafasi."

Nimekaa na maneno hayo miaka mitatu.

Na usiku haukuishia hapo. Chupa ya sita niliimimina bila kuinusa, kwa kuwa nilishaiamini lebo, na waliopata chupa hiyo ni wazee. Mama mkwe wa dada akanusa, akairudisha glasi mezani, akasema inanuka boksi lililoloa. Alikuwa sahihi kabisa. Ile ni kasoro ya kizibo, kemikali iitwayo TCA inayozaliwa ukungu unapokutana na viambata vya klorini kwenye gome la kizibo, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa nanogramu chache tu katika lita moja. Haidhuru mwili, lakini inaua matunda yote ndani ya mvinyo. Kesho yake nilirudi dukani na chupa ikiwa na zaidi ya nusu. Wakaniambia kilichofunguliwa hakirudishwi. Hapo sikutendewa haki, na nitalisema hili kila nikipata nafasi: kasoro ya kizibo haionekani kwa macho, lazima ufungue ndipo uijue, na duka linaloheshimu mvinyo hubadilisha chupa ya namna hiyo bila mabishano. Kabla hujawa mteja wa duka lolote, waulize swali hilo. Ukiona wanazunguka, nenda kwingine.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini kinywa changu kilinidanganya siku ile, na jibu liko kwenye mate. Tanini, ule ukakasi wa mvinyo mwekundu unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na hata kwenye mapipa, hushikana na protini za mate. Mate yakipoteza utelezi wake, kinywa kinakauka, na kila chupa inayofuata inaonekana kavu kuliko ilivyo. Ongeza kilevi ulichomeza. Kwenye hali hiyo, mvinyo wa kiasi, wenye uchachu safi na harufu ya taratibu, hauna pa kusikika. Anayeshinda ni mwenye kelele: mtamu kidogo, mzito, uliolala kwenye mwaloni mwingi. Mezani nyumbani, ambako mtu anakunywa glasi mbili kwa saa mbili, kelele ile ile inachosha.

Halafu kuna macho. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao ni wanafunzi wa fani. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, majaji Wafaransa walionja bila kuona lebo, na chupa zilizoongoza zikawa za California: kwa mweupe, Chardonnay ya 1973 ya Chateau Montelena, na kwa mwekundu, Cabernet Sauvignon ya 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars. Wangeona lebo, sidhani kama pointi zingekuwa zile. Sasa wewe umesimama dukani, lebo iko mbele yako, muuzaji anakuangalia, umeambiwa yamebaki manne. Unadhani ulimi wako uko huru?

Neno "mpya" nalo limewaponza wengi. Mpya dukani ni jambo moja, mpya toka shambani ni jambo lingine. Beaujolais Nouveau, mwekundu mwepesi wa Ufaransa, hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na umeandaliwa unywewe ungali mchanga. Barolo, mwekundu mzito wa Italia, kwa sheria ya huko hukaa si chini ya miezi 38, na 18 kati ya hiyo ndani ya pipa, ndipo uuzwe. Rioja nyekundu ya Hispania, ya daraja la Gran Reserva, hukaa miaka mitano. Zote zinaweza kuingia dukani wiki moja na kubandikwa kikaratasi kimoja cha "mpya". Kwa hiyo tazama mwaka wa mavuno kwanza. Mvinyo mweupe mwepesi usiopitia pipa, uliovunwa miaka minne au mitano iliyopita na leo unaletwa kama mgeni, mara nyingi ni mzigo uliokosa wateja mahali pengine. Barolo wa umri huo huo ndio kwanza unaanza kuamka, na ukakasi wake leo si kasoro. Na mvinyo uliofungwa chupani majuzi tu unaweza kuwa umezubaa kwa wiki kadhaa, harufu imejificha, kisha ukatulia na kurudi. Ukiuonja ukiwa umezubaa utaupita bure.

Maneno ya kwenye lebo pia yapime. "Reserva" ya Hispania ina sheria nyuma yake. "Reserve" kwenye chupa za nchi nyingine nyingi ni pambo tu. Nawaona watu wanalilipia.

Siku hizi naenda hivi. Naingia dukani mapema, kabla ya umati na kabla ya kula kitu chenye viungo vikali, na sijipaki manukato siku hiyo. Nabeba glasi yangu mwenyewe, ndogo, yenye mdomo uliobana kuliko tumbo. Ile ya kiwango cha kimataifa cha ISO, iliyowekwa 1977, ina ujazo wa takriban mililita 215, na humiminiwa mililita 50 tu ili harufu ipate pa kukusanyika. Vikombe vidogo vya plastiki wanavyogawa dukani vinafaa kwa dawa ya kikohozi. Naonja chupa sita, nikizidisha sana nane, na ninatema kila funda. Kila funda. Anayeona haya kutema ajue haya hiyo nimeilipia makasha mawili. Nikishatema nahesabu kimoyomoyo: ladha imebaki sekunde tano, au kumi na zaidi? Na iliyobaki ni ya tunda, au ni ya pipa na moto wa kilevi?

Joto nalo ni mshitakiwa. Maduka huweka mvinyo mweupe kwenye barafu mpaka unakuwa bubu, na mwekundu unasimama kwenye joto la chumba lenye taa kali mpaka kilevi kinatangulia kabla ya harufu. Mweupe ukiwa na nyuzi 8 hadi 12, mwekundu 15 hadi 18, hapo utazungumza nao vizuri. Mweupe uliozidiwa na baridi unafichua siri zake ukipata joto kidogo mkononi, basi ushikilie tumbo la glasi, subiri dakika tano, uonje tena.

Onja tena. Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Onja mwanzoni, onja mwishoni baada ya maji na kupumzika kidogo. Kisha nunua chupa moja, nenda nayo nyumbani, ifungue ukiwa na njaa na watu unaowapenda, bakiza theluthi, ifunge, iweke mahali pa baridi, uonje kesho yake. Mvinyo ulioundwa vizuri mara nyingi siku ya pili unafunguka zaidi. Ule wa kelele huporomoka, tunda linaondoka na unabaki na mbao na sukari.

Mwezi uliopita niliyafanya haya yote. Duka ninalokwenda sasa lilitoa aina sita za mvinyo mweupe. Mezani watu walikimbilia Chardonnay yenye harufu ya siagi, nami sikuidharau, imetengenezwa kwa ustadi. Lakini pembeni kulikuwa na Chenin Blanc ya Afrika Kusini iliyokaa kimya, chupa yake ina ule muhuri wa mashamba ya urithi unaotolewa kwa mizabibu yenye miaka 35 au zaidi, na mwaka ilipopandwa umeandikwa papo hapo. Funda la kwanza halikunipa kitu kikubwa. Nikazunguka, nikanywa maji, nikarudi baada ya robo saa. Ilikuwa imefunguka: tofaa lililoiva, nta, chumvi kwa mbali, na uchachu ulionifanya nimeze mate. Nikanunua chupa moja ya kila aina kati ya hizo mbili. Nyumbani mke wangu alizifunika kwa karatasi na kunimiminia bila kuniambia ipi ni ipi. Usiku ule nilichagua Chenin. Kesho yake nilichagua Chenin tena. Hapo ndipo nilipokwenda kuchukua kasha.

Shemeji alikuja Jumapili iliyofuata. Sikumwambia neno lolote kuhusu mvinyo, nilimimina tu. Alimaliza glasi ya kwanza akiwa katikati ya hadithi ya watoto wake, akanyoosha mkono akajiongezea mwenyewe. Baadaye akaigeuza chupa, akaipiga picha lebo. Mimi nilisimama jikoni nikijifanya naosha vyombo, na sioni aibu kusema macho yalinilenga machozi.

Ndugu zangu, tunaharakishwa. Wanatuambia yamebaki manne, mhakiki fulani ameupa pointi 95, kesho hautapatikana, nasi tunakubali kwa sababu tunaogopa kuonekana hatujui. Mvinyo umekaa ardhini kama mzizi miaka 35, ukakaa pipani, ukakaa chupani, ukasafiri baharini. Wewe unashindwa kuupa siku mbili? Na ukiisha wakati unaungoja, acha uishe. Mavuno mengine yanakuja. Usikubali kuchaguliwa na chupa, na usiwapelekee wageni wako kitu ambacho hujakaa nacho peke yako usiku mmoja.

Msomaji wangu wa Jumatatu amenijibu. Amechukua chupa moja, ya mavuno ya 2021, asilimia 14.5, na anasema muuzaji alimnunia kidogo. Anaifungua Ijumaa usiku. Nimemwomba abakize theluthi, na asiniandikie neno mpaka Jumamosi jioni.