Kizimba cha kinyonga: anza na maji, mbao baadaye

Vizimba vingi vya kujitengenezea huharibika kwa sababu moja. Fundi ameanza na fremu, akapendezwa nayo, halafu mwishoni ndipo akajiuliza maji yatatokea wapi. Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Hulamba matone yaliyoshika kwenye majani, kwa hiyo humo ndani patanyeshewa kila siku, na maji hayo lazima yatoke yote.

Vipimo vya hapa ni vya kinyonga wa Yemen, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, maana ndiye anayezalishwa sana kwa ajili ya kufugwa. Ukiwa Kenya au Tanzania, kinyonga wa porini hakamatwi wala hafugwi bila kibali. Aliyeko Muscat, Dubai au Ulaya anunue aliyezaliwa kwa mfugaji na adai karatasi zake, kwani karibu vinyonga wote wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Dume mzima anahitaji upana wa sentimita 60, kina 60 na kimo 120. Ukibanwa na nafasi, punguza upana kabla ya kugusa kimo, kwa sababu usalama wake anauona juu. Na kizimba kimoja ni cha kinyonga mmoja. Wawili hawazoeani, hata kama huoni wakipigana.

Sakafu iwe bamba la plastiki ngumu ya PVC la milimita 5 au 6. Plaiwudi, hata ukiipaka vanishi mara tatu, itavimba kuanzia pembeni. Toboa tundu la sentimita 2.5 kwenye kona moja ya nyuma, funga kipande cha bomba kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, kisha telezesha mpira hadi kwenye ndoo. Miguu ya mbele ya kizimba iwe mirefu kuliko ya nyuma kwa sentimita moja ili maji yarudi nyuma. Chini ya bamba pigilia mbao mbili za kukingama. Zikikosekana, uzito wa vyungu vya mimea utalipinda katikati, na hapo maji yatatuama na kunuka wakati tundu ni kavu. Kabla hujaendelea, mimina lita moja na utazame inakoelekea.

Kwa fremu, chukua mbao yenye upana wa sentimita 5 na unene wa 2.5. Pima mwenyewe, kwa sababu kipimo kinachotajwa dukani mara nyingi ni cha kabla ya randa. Kata nguzo 4 za sentimita 120, vipande 4 vya 50 vya mbele na nyuma, na 4 vya 55 vya kuunganisha kina. Hiyo ni mita 9, na mlango utakula nyingine 3. Nunua 14, msumeno hukosea. Ukishaunga uso wa mbele, pima ulalo, yaani kona hadi kona, wa pande zote mbili: kila mmoja uwe sentimita 134 na kidogo. Zikitofautiana, fremu imekwenda upande na mlango hautafunga kamwe. Piga msasa, paka vanishi ya maji mikono mitatu, na vichwa vya mbao vilivyokatwa uvipe miwili zaidi, kwa kuwa huko ndiko mbao inakonyonya maji. Acha hadi harufu iishe kabisa.

Wavu uwe wa alumini, upana wa sentimita 60, mita 6. Wa nailoni, nyenje anaolishwa kinyonga huutafuna usiku mmoja. Waya wa mabati una vijincha vya zinki vinavyochubua nyayo. Piga pini kila sentimita 3 kwa upande wa nje, halafu funika mstari wa pini kwa ubao mwembamba, la sivyo kucha zitavuta wavu hadi uachie. Kwenye nyumba yenye kiyoyozi kutwa, au Ulaya wakati wa baridi, ziba nyuma na pande mbili kwa PVC ili unyevu usipotee, na uache wavu mlangoni na juu tu. Usitumie kioo kinachomrudishia sura yake. Atadhani ni mpinzani na hatatulia.

Wavu haubebi matawi. Ndani, kila upande, funga mbao mbili za kulala kwa urefu tofauti, kisha matawi uyakaze humo kwa skrubu. Changanya unene, kutoka wa penseli hadi wa kidole gumba, ili mguu uzunguke na kushika. Mimea iwe hai: mmea wa kutambaa wa nyumbani aina ya pothosi, ficus benjamina au haibiskasi. Osha majani na ubadilishe udongo wa dukani, maana huenda una mbolea na dawa.

Taa zote zikae nje, juu ya wavu. Balbu ya joto iliyowekwa ndani itakumbatiwa; kinyonga huendelea kukaa kwenye joto hata ngozi ya kishungi inapoungua. Tawi la kuota joto lipite sentimita 25 chini ya wavu, lakini upimaji ufanye pale mgongo utakapokuwa, yaani karibu sentimita 5 juu ya tawi. Dume apate nyuzi 29 hadi 31 hapo, jike 27 inatosha. Kando ya balbu weka taa ndefu ya UVB (mionzi ya urujuanimno kama ya jua) aina ya T5 HO, yaani mrija mwembamba wenye mwanga mkali, ulioandikwa asilimia 6 au 5.0 kulingana na kampuni. Hiyo ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D3, na bila D3 hafyonzi kalsiamu, miguu hupinda. UVI, yaani kipimo cha ukali wa mionzi hiyo, mgongoni iwe karibu 3. Mionzi ya UVB haipiti kwenye kioo cha kawaida, kwa hiyo jua la dirishani halihesabiwi, na taa ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka vizuri. Saa 12 za mwanga, kisha giza totoro. Balbu nyekundu ya usiku haina kazi.

Nyunyizia maji kwa muda wa dakika mbili, kabla taa hazijawaka, na mara nyingine jioni, na mchana weka chupa ya tone tone juu ya wavu. Katikati ya vipindi hivyo majani yakauke. Kizimba kisichokauka kabisa humletea ugonjwa wa mapafu.

Kama ni jike, acha nafasi ya ndoo ya mchanga uliooshwa, upana sentimita 30 na kina 30, uwe na unyevu kiasi cha kuchimbwa shimo lisibomoke. Kinyonga wa Yemen jike hutaga hata bila dume, na akikosa pa kuchimba mayai humkwama na kumuua.

Mlango uache nafasi ya milimita 3 pande zote kwa ajili ya mbao kuvimba, bawaba ziwe tatu zisizoshika kutu, na kwa ndani pigilia ubao mwembamba wa kuziba mwanya. Endesha kila kitu wiki nzima kizimba kikiwa kitupu. Usiku wa mwisho achia nyenje 10 ndani, funga, na asubuhi uwahesabu.