"Unataka ile ndefu au ile fupi?"

Mama mmoja aliniuliza hivyo siku ya kwanza nilipoketi kwake, kinasa sauti kikiwa kimeshawashwa. Nilikuwa nimemwomba anieleze jinsi alivyokimbia makwao. Nikasema, kwa tamaa, ile ndefu. Akasimulia kwa dakika 40 bila kukwama. Tarehe zilikaa mahali pake, vijiji vilifuatana kwa mpangilio, hata mahali pa kunyamaza palijulikana. Nikaondoka nikijiona nimebahatika. Wiki kadhaa baadaye, nilipokuwa nikisikiliza kanda zangu usiku, ndipo nilipotambua nilichopewa: simulizi ileile aliyowapa maofisa wa usajili, watu wa misaada, mwanasheria na waandishi wa habari waliopita kabla yangu. Mimi nilikuwa wa tano au wa sita kwenye foleni.

Nawaandikia ninyi mnaofunga mabegi kwenda uwandani kwa mara ya kwanza, kuchunguza maisha ya watu waliofurushwa na vita. Sharti langu ni moja, mengine ni vijiti vya kulishikilia: usianze kwa kuuliza kuhusu vurugu walizozikimbia. Anza na maisha yao ya leo.

Kwanza uelewe ile ndefu inatoka wapi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtaka mtu awe nje ya nchi yake, na awe na hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua mlango ukaingiza uvamizi wa kigeni na machafuko makubwa. Ambaye hakuvuka mpaka hahusiki na mikataba hiyo; yeye ana kanuni elekezi za Umoja wa Mataifa za 1998 na, kwa Afrika, Mkataba wa Kampala wa 2009. Mtu anayehojiwa kwa vigezo hivi, tena na tena, hujifunza upesi kipi kinahesabika. Ugomvi na mume juu ya kuondoka au kubaki hauna kisanduku chake kwenye fomu, kwa hiyo unaachwa. Mama yule hakunidanganya hata kidogo. Alinipa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Mahali unapouliza napo panachagua jibu. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 wakaingia magharibi mwa Tanzania. Kule Mishamo, makazi yaliyotengwa kwa ajili yao, alikuta watu wenye historia nzito ya pamoja, wanaojiona kama taifa lililo uhamishoni na kuuona ukimbizi wao kama heshima. Mjini Kigoma, waliotoka mauaji yaleyale wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Walijichanganya na wenyeji, wakajitambulisha kulingana na hali ya siku hiyo. Nikisoma hayo huwa najicheka, maana mimi nilikwenda kambini kwa sababu gari la shirika lililonibeba lilikuwa linakwenda kambini.

Basi niliporudi kwa mama yule nilizima kinasa sauti, nikamuuliza kuhusu cherehani iliyokuwa mlangoni. Anashona nini, anamshonea nani, nani hajamlipa. Tulikaa hadi jua likazama.

Ulizeni madeni, wadogo zangu. Katika utafiti wangu wote hakuna swali lililonifungulia milango kama hilo. Mtu hamkopeshi jirani akihofia kwamba jirani huyo kesho hatakuwepo, wala hakopi asipotarajia kuonana naye tena. Ukichora nani anamdai nani, unaona ujirani unavyoshonwa upya: nani ameaminiwa, nani bado yuko pembeni, nani anadaiwa deni lililoanzia kule walikotoka na likavuka naye. Vurugu zenyewe zinajitokeza humo, bila kuitwa. "Huyu simkopeshi" ni sentensi fupi, lakini niliisikia mara nyingi kabla sijaambiwa sababu, na sababu mara zote ilikuwa nyuma, kule.

Kwa upande wa muda, msiwe na haraka ya kutangaza kwamba watu "wamejijenga upya" au "wameshindwa". Wanaanthropolojia Elizabeth Colson na Thayer Scudder walianza mwaka 1956 kuwafuatilia Watonga wa bonde la Gwembe, katika Zambia ya leo, kabla Bwawa la Kariba halijawahamisha watu wapatao 57,000 pande zote mbili za Zambezi. Utafiti huo uliendelea kwa miongo mingi. Kilichoonekana ni kwamba miaka ya mwanzo watu hushikamana na ndugu na njia wanazozijua, wakaogopa kubahatisha, hata pale ambapo kubahatisha kungelipa. Ofisa anayepita wakati huo huandika kwamba ni wavivu au hawataki maendeleo. Aliyepoteza kila kitu hawezi kumudu hasara nyingine, ndiyo maana hathubutu. Mimi nilikaa miezi tisa. Ni kama kutazama mguu mmoja wa hatua.

Kuhusu ukimya nina machache. Mwanaanthropolojia Veena Das, aliyeandika kuhusu wanawake waliopitia mgawanyiko wa India na Pakistan wa 1947, alionyesha kuwa kutosema kunaweza kuwa kazi anayoifanya mtu ili nyumba isimame. Msiukokote ukimya wa mtu utoke nje eti kwa manufaa yake. Hao wanaodai kwamba kusimulia ni tiba kwa kila mtu sijui walimuuliza nani.

Sasa mambo yanayoumiza yasipofanywa. Jina bandia halitoshi: mjane mwenye watoto saba, aliyefika mwezi fulani kutoka kijiji fulani, anatambulika hata umwite nani. Badilisha au ondoa mambo mawili matatu kati ya hayo. Mwambie unayemhoji mapema, kwa maneno yasiyopinda, kwamba huna uwezo wa kuharakisha kesi yake wala kumpeleka nchi ya tatu, yaani nchi nyingine itakayompokea akaishi huko. Nilidhani nimelisema hilo vizuri, mpaka mzee mmoja aliponiuliza mwezi wa nne jina lake limefika wapi. Ridhaa huombwa kila unaporudi, kwa sababu aliyekubali Jumatatu huenda ametishwa Jumanne.

Na mkalimani. Hapa ndipo nilipokosa zaidi. Wangu alikuwa kijana mpole, naye alikuwa amekimbia, na kazi yake ilimlazimu kusema "mimi" kwa niaba ya kila mtu: mimi nilipigwa, mimi nilimwacha mtoto njiani. Nilikuwa na msimamizi chuoni wa kumwandikia barua nikikosa usingizi. Yeye alikuwa na mimi tu, nami nilikuwa namuuliza kama amechoka huku nikifungua ukurasa unaofuata. Siku moja hakuja. Alituma mdogo wake aniambie kichwa kinamuuma, na kiliendelea kumuuma kwa wiki mbili. Pangeni idadi ya mahojiano kwa siku kwa nguvu za mkalimani, si kwa ratiba yenu. Mlipeni hata siku za kupumzika.

Miaka miwili baadaye nilirudi na rasimu, nikamsomea mama yule kurasa zinazomhusu kwa lugha anayoielewa. Nilikuwa na hofu na sehemu ya kukimbia, ambayo mwishowe nilikuwa nimeibakiza aya moja. Aliisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, hakusema neno. Tulipofika kwenye cherehani akanisimamisha.

"Hapo umekosea, mwanangu. Umeandika niliazimwa. Niliinunua."

Nikachukua kalamu, nikasahihisha mbele yake.