Mtoto Anaposafiri Bila Baba: Ridhaa, Majina na Vyeti Vinavyotakiwa

Swali

Wakili, asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa. Dada yangu ameolewa Ujerumani, naye ametualika tukakae kwake wiki tatu wakati wa likizo ya Desemba. Ninataka kusafiri na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 9, pamoja na binti wa kaka yangu wa miaka 14, ambaye nimemlea tangu mamake alipofariki. Mume wangu ni baharia na miezi hiyo yote atakuwa melini. Kaka yangu yuko kazini Doha. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake: mmoja ameniambia barua ya chifu yatosha, mwingine amesema kwa kuwa mimi ndiye mama sihitaji ruhusa ya mtu. Halafu wakati wa Pasaka dada yangu atakuja huku na wanawe wawili wenye pasipoti za Ujerumani. Wao watahitaji nini? Nitashukuru ukinifafanulia.

Jibu

Waleikum salaam, dada yangu. Swali lako lina safari mbili na watoto wanne, na hali zao hazifanani, kwa hiyo sitawajibu kwa pamoja. Kabla ya hapo yafaa ujue wanachotafuta watu watakaokagua makaratasi yako, yaani afisa wa ubalozi, karani wa shirika la ndege, na afisa wa uhamiaji wa kule mtakakoshukia. Wote watatu wanataka kujua mambo yale yale: mtoto huyu ni nani, mtu mzima aliye naye ni nani wake, na mzazi ambaye hayupo je, amekubali? Cheti, barua au kiapo ambacho hakijibu mojawapo ya maswali hayo hakitakusaidia, hata kikiwa na mihuri mingi namna gani.

Aliyekuambia kwamba mama hahitaji ruhusa ya mtu amekupotosha. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wote wawili, ambao wana wajibu ulio sawa juu yake, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imelikariri jambo hilo kwa uwazi zaidi, ikisema kwamba si baba wala mama aliye na haki inayoipita ya mwenzake. Kwa upande wa Ulaya, kanuni za 2016 za mipaka ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zinawaagiza maafisa wawaangalie watoto kwa makini ya pekee, hata wanapokuwa na mtu mzima, na wachunguze zaidi pale mtoto anapoandamana na mtu mmoja na ikashukiwa kwamba ameondolewa kwa wale wenye haki ya kumlea. Najua wazazi wengi huyaona maswali hayo kuwa ni dharau. Lakini yeyote aliyewahi kusimama katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka pamoja na mzazi ambaye mwanawe amevushwa mpaka bila yeye kujua anaelewa jinsi ilivyo vigumu kumrejesha mtoto akishatoka nchini. Maswali hayo yamewekwa kwa ajili ya mtoto, na ni haki yake tuyajibu kikamilifu.

Nianze na mwanao. Mume wako atie saini hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo kabla hajapanda meli. Hati hiyo itaje jina lake kamili na nambari ya kitambulisho chake, jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na nambari ya pasipoti yake, jina lako na nambari ya pasipoti yako, nchi mnayokwenda, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, anwani ya dada yako, na nambari ya simu ambayo mume wako au mtu wake wa karibu anaweza kupatikana. Kiini chake kiwe maneno kama haya: "Mimi, baba mzazi wa mtoto aliyetajwa, nimekubali asafiri na mama yake kwenda Ujerumani kati ya tarehe hizi, na nimekubali mama yake amwombee viza na ampeleke hospitali ikihitajika." Andikeni hati yenyewe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya vyeti vyetu vingine. Nimeona hati nyingi zilizoandikwa kwa pupa zikisema tu kwamba baba anaruhusu mtoto asafiri, pasipo nchi wala tarehe. Ridhaa isiyo na mipaka kama hiyo humtia afisa shaka badala ya kumwondolea.

Ikiwa meli imekwisha ondoka, njia bado ipo, ila ni ndefu. Atakapofika bandari yenye ubalozi au ubalozi mdogo wa Kenya, atie saini huko mbele ya afisa wa ubalozi. Pasipo na ofisi yetu, amtafute mthibitishaji wa hati wa nchi hiyo, kisha karatasi halisi itumwe kwako kwa kampuni ya vifurushi. Picha ya karatasi iliyotiwa saini na kutumwa kwa WhatsApp haina shahidi wa sahihi hiyo, na usiitegemee. Ambatanisha nakala ya pasipoti ya mume wako, ya kitabu chake cha ubaharia na ya mkataba wake wa kazi melini. Nakala hizo zinaeleza bila maneno mengi kwa nini baba hakufika ubalozini, na hapa Mombasa, ambapo mabaharia ni wengi, nashangaa ni familia chache mno zinazozikumbuka.

Sasa majina, ambayo mara nyingi huwakwamisha watu wetu wa Pwani kuliko hata ridhaa yenyewe. Kwetu mwanamke hachukui jina la mumewe, na mtoto huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Basi tuseme mama ni Zuhura Omar Bakari na mwanawe ni Salim Juma Mwinyi: hakuna hata jina moja linalowaunganisha kwenye pasipoti zao. Mtu wa Likoni haoni ajabu yoyote hapo, lakini afisa aliyezoea familia nzima kubeba jina moja la ukoo atamwona mwanamke na mtoto wasiohusiana. Kinachowaunganisha ni cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndicho chenye majina ya wazazi wote wawili, kwa hiyo beba cheti halisi katika mkoba wa mkononi, wala usikitie katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Ongeza cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, zikiwemo za Kiislamu, na ikiwa yenu ilifungwa tu nyumbani na kuishia hapo, kaisajilini sasa kupitia ofisi ya kadhi.

Kagua pia tahajia, herufi kwa herufi. Ukikuta Mohamed kwenye kitambulisho cha baba na Muhammad kwenye cheti cha mtoto, au Khadija hapa na Hadija pale, usiseme kwamba ni jina lile lile. Kwa kompyuta ya ubalozi hao ni watu wawili. Tofauti ndogo huweza kutatuliwa kwa kiapo kinachosema kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, lakini kosa lililo kwenye cheti cha kuzaliwa ni bora likasahihishwe kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo kabla ya kuomba pasipoti, maana pasipoti hufuata cheti na kosa litahamia huko.

Binti wa kaka yako yuko katika hali tofauti, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Kumlea mtoto aliyefiwa na mama ni kazi kubwa, na Mungu akulipe, lakini malezi hayo peke yake hayakufanyi kuwa mlezi wake kisheria. Mama akifariki, madaraka ya mzazi hubaki kwa baba aliye hai, hata akiwa Doha na hata kama hajamwona bintiye mwaka mzima. Kwa hiyo kaka yako ndiye anayetakiwa kutoa ridhaa katika ombi la pasipoti ya binti, katika fomu ya viza, na katika hati ya kumruhusu asafiri nawe. Kwa bahati nzuri Kenya ina ubalozi Doha, na anaweza kuyakamilisha yote hapo kwa ziara moja ikiwa utamtumia mapema nakala za pasipoti na tarehe za safari. Katika hati yake aongeze kwamba amekukabidhi wewe, shangazi wa mtoto, jukumu la kumwangalia kwa muda wote wa safari. Ambatanisha cheti cha kifo cha mama pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti, na uhakikishe jina la marehemu limeandikwa namna moja katika vyeti vyote viwili. Pasipo cheti cha kifo, afisa ataendelea kudai ridhaa ya mama ambaye hayupo duniani.

Barua ya chifu isikose, lakini ijue nafasi yake. Inathibitisha kwamba binti anaishi kwako na kwamba chifu anakutambua. Haiwezi kukupa madaraka ambayo sheria imeyaweka kwa baba. Kama baba naye angekuwa hajulikani aliko, ningekushauri uende mahakamani ukaombe amri ya ulezi, na hilo huchukua muda.

Kuhusu viza yenyewe sitakaa sana. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, na uamuzi wa siku 15 unaweza kurefushwa hadi 45, kwa hiyo kwa safari ya Desemba usivuke mwanzo wa Oktoba. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mwenye miaka 12 na zaidi, na yuro 45 kwa wa miaka 6 hadi 11. Binti atalipa kama wewe na atachukuliwa alama za vidole, mwanao hatachukuliwa. Kila mmoja wenu awe na bima ya usafiri isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya kuondoka Ulaya. Dada yako aende katika ofisi ya wageni ya mji wake akatie saini hati ya dhamana wanayoiita Verpflichtungserklärung, ambayo kwayo anakubali kugharimia kukaa kwenu. Barua za shule zinazoonyesha kwamba watoto wanatarajiwa darasani Januari ni ushahidi mzuri kwamba mtarudi.

Mkishapata viza, msiyaache makaratasi ya ridhaa nyumbani mkidhani kazi yake imekwisha. Shirika la ndege linalombeba abiria asiyekubaliwa kuingia hulazimika kumrudisha na laweza kutozwa faini, ndiyo maana karani wa kaunta katika uwanja wa ndege wa Moi anaweza kukuuliza maswali yale yale ya ubalozini. Afisa wetu wa uhamiaji pia anaweza kuyauliza, kwa sababu Kenya ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu tangu 2010. Mweleze binti mapema kwamba huenda akaulizwa yeye mwenyewe anakwenda kwa nani na wewe ni nani wake, naye ajibu kwa utulivu yaliyo kweli. Mkifika Ulaya mtasajiliwa katika mfumo mpya wa kielektroniki wa kuingia na kutoka ulioanza Oktoba 2025, ambao huhifadhi picha ya kila mgeni.

Nije kwa dada yako na wanawe. Swali la kwanza ni kama siku watoto hao walipozaliwa mama yao alikuwa raia wa Kenya. Ikiwa alikuwa, basi kwa Kifungu cha 14 cha Katiba wao ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, hata kama walizaliwa Ujerumani, na wanaweza kuombewa pasipoti za Kenya na kuingia hapa kama wenyeji. Sheria ya Ujerumani nayo, tangu Juni 2024, inaruhusu uraia zaidi ya mmoja. Mimi ningependa kila mzazi wa Kenya aliye ughaibuni awatafutie wanawe haki hiyo wangali wadogo, kwa kuwa kukusanya vyeti baada ya miaka ishirini ni taabu kubwa.

Lakini kwa Pasaka hii, wakija kwa pasipoti za Ujerumani pekee, watahitaji idhini ya kielektroniki ya kusafiri, inayojulikana kama eTA, ambayo ilichukua nafasi ya viza tangu Januari 2024. Kila mtoto anaombewa yake, hata mchanga wa mikononi, kwa ada ya dola 30, na pasipoti yake iwe na angalau miezi 6 ya uhai tangu siku ya kufika. Aombe kupitia tovuti ya serikali, etakenya.go.ke, na aombe siku kadhaa kabla, kwani zipo tovuti nyingi za watu binafsi zinazofanana nayo na zinazotoza zaidi. Akague pia aina ya pasipoti walizonazo, kwa sababu tangu Januari 2024 Ujerumani haitoi tena pasipoti maalumu za watoto, na zile za zamani hutumika mpaka muda wake uishe tu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hawatadaiwa wakitoka Ujerumani moja kwa moja. Watadaiwa, wote waliotimiza mwaka 1, ikiwa kabla ya kuja watakuwa wamekaa katika nchi yenye ugonjwa huo, mathalani Uganda au Ethiopia. Malaria haina cheti, lakini watoto waliokulia Ulaya hawana kinga yake hata kidogo, na mama yao azungumze na daktari wa huko kuhusu dawa za kuzuia kabla ya kuondoka.

Na ikiwa mumewe hatachukua likizo kuja nao, dada yako pia awe na hati ya ridhaa ya baba wa watoto, yenye tarehe, anwani yako ya Likoni na nambari ya simu ya mumewe. Ataihitaji anapotoka Ujerumani na atakaporejea, hata kama watoto hao wanarudi kwao.