Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe?

*Shangazi, nina mimba ya miezi sita. Kliniki wamenikuta na VVU, nimeanza dawa. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, sijamwambia. ARV na vidonge vya kuongeza damu navimeza pamoja alfajiri kabla sijala, mama mkwe asinione. Yeye keshasema mtoto ataanza uji akiwa na miezi miwili. Nisimnyonyeshe kabisa? – Mama kijacho, Ujiji*

Mnyonyeshe, mwanangu. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa bila kuruka, hawafiki 5.

Hiyo alfajiri yako ndiyo inayonitia hofu. ARV wanayopewa wajawazito wengi siku hizi ina dolutegravir, na madini ya chuma ya vidonge vya damu huing'ang'ania tumbo likiwa tupu, isiingie vizuri mwilini. Vyote pamoja vimezwe na chakula tu. La sivyo, ARV itangulie kwa muda wa saa 2, au ifuate zikishapita saa 6 tangu cha damu. Kwako naona cha damu saa 7 mchana, ARV saa 2 usiku.

Wiki ya 34 hadi 36 omba kupimwa wingi wa virusi. Vikiwa bado vingi, mtoto huongezewa dawa ya kinga. Kwa kawaida hupewa nevirapine ya maji mara moja kwa siku kwa wiki 6. Aliyezaliwa na kilo 2.5 au zaidi, mililita 1.5. Pima kwa bomba la sindano. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, zaidi ya mara tatu ya dozi!

Uji hapana, wala maji, mpaka miezi 6. Huchubua utumbo mchanga wa mtoto, virusi vikapata pa kupenya. Mama mkwe mwambie kliniki wamekataza, na ni kweli: watoto wote huelekezwa hivyo, hutakuwa umefichua lolote. Chuchu ikipasuka, nyonyesha upande usiopasuka. Huo mwingine kamua umwage mpaka upone.

Akifikisha wiki 6 atatolewa matone ya damu kisiginoni yakapimwe maabara, na ataanza kotrimoksazoli, dawa ya kumkinga na maambukizi mengine. Usikubali kipimo cha haraka kikuhukumie mtoto: hicho husaka kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na zako anaweza kubaki nazo hadi miezi 18.

Mumeo usimwache gizani muda mrefu. Mwombe muuguzi awapime pamoja, majibu ayatoe yeye. Ukihofia kipigo, mwambie muuguzi hilo kwanza. Mumeo akikutwa hana, kuna kondomu na PrEP (dawa ya kinga kwa asiye na VVU) za kumkinga, nawe utameza dawa yako mezani bila kujificha.