Azam walichukulia ubingwa kwetu Sokoine

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mafinga, hapa kijiweni tunabishana wiki nzima sasa. Mwenzangu anasema Azam ubingwa wao wa kwanza wa ligi kuu walichukulia kwao Chamazi, mimi nakumbuka mjomba alirudi toka Mbeya siku hiyo haongei na mtu. Nani mkweli? Na wewe ulikuwepo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mkweli ni wewe, na huo ukimya wa mjomba naujua kabisa. Ilikuwa uwanja wa Sokoine, Mbeya, Jumapili tarehe 13 Aprili 2014, Azam walitufunga Mbeya City 2-1 na mbio za ubingwa zikaisha palepale huku imebaki mechi moja.

Nilikuwepo, nilienda na baba. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, kwahiyo watu wametoka kanisani wameunga moja kwa moja uwanjani, baba ana tawi lake la mnazi mkononi amelisuka msalaba, koti la ibada juu, jezi ya zambarau ndani. Na sio City tu waliojaa siku hiyo, watu wa Yanga nao walikuwa upande wetu maana timu yao ndo ilikuwa inamfukuzia Azam, yaani nimekaa na mtu ambaye mwezi mzima tulikuwa hatuelewani tukawa tunagawana karanga.

Azam walikuwa hawajapoteza mechi msimu mzima na sisi tulitaka tuwe wa kwanza kuwafunga. Mwaikimba akatangulia kuwafungia, na hilo liliuma zaidi kwa sababu jina lenyewe la Kinyakyusa, la huku huku kwetu. Kipindi cha pili Mwagane Yeya akasawazisha, aisee, sijui nikueleze vipi, baba alinikumbatia mpaka ule msalaba wa tawi ukanichoma shingoni, na baba yangu sio mtu wa kukumbatia. Tukaamini kabisa la pili linakuja. Likaja kweli, ila la John Bocco, mpira unaelekea ukingoni. Uwanja ukanyamaza, ukawa unasikia wachezaji wa Azam wakipigiana kelele kule chini.

Wengi wanasahau kwamba City ule ulikuwa msimu wao wa kwanza ligi kuu, chini ya kocha Juma Mwambusi, na walimaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba wakiwa chini yao. Baba yeye alikuwa na hesabu zake nyingine, Tukuyu Stars walipanda daraja wakabeba ubingwa msimu huohuo 1986, kwahiyo tangu ligi inaanza alikuwa ananiambia mkoa huu unajua kupanda na kombe. Miaka 28 anaisubiri. Ubingwa tulikuwa hatuupati tena hata tungeshinda, hilo alilijua, lakini alitaka angalau wasishangilie kwenye nyasi zetu.

Filimbi ilipolia hatukuondoka. Baba alisimama akawapigia makofi vijana wa City mpaka wa mwisho anaingia vyumbani, alafu tukashuka kwa miguu hadi Mwanjelwa, daladala zinapita tupu na hakuna aliyesimamisha. Lile tawi alilichomeka juu ya mlango, lilikauka likabaki hapohapo.

Msalimie sana mjomba, muulize alikaa upande gani.