Shangazi, mwanangu amebadilika: ni kiburi cha balehe au ni ugonjwa?

"Shangazi, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu mwezi wa tatu haendi tena uwanjani, usingizi haumpati mpaka saa nane usiku, na sahani ya ugali huirudisha jikoni kama nilivyompakulia. Juzi baba yake alipomchapa, alisema, 'Mngepumzika kama nisingekuwepo.' Baba anasema ni kiburi cha balehe. Nifanye nini?" Mama, Tanga.

Marahaba, mama.

Naanza na maneno hayo ya mwisho ya kijana, kwa kuwa ndiyo yasiyoweza kusubiri. Leo hii, mkiwa wawili tu, muulize bila kuzunguka kama amekuwa akifikiria kufa au kujidhuru. Usihofu kwamba utamtia wazo hilo kichwani. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Kisha msikilize, hata akinyamaza kwa muda mrefu, na usimkemee kwa lolote atakalosema. Sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vyote vifungie, ufunguo ukae nawe. Akikubali kwamba amewaza hivyo, asibaki peke yake hata kidogo, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu balehe, mumeo hakukosea kabisa. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humsaidia mtu kupima matokeo na kuzuia hasira, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, ilhali sehemu zinazowasha hisia hutangulia, na ndiyo maana kijana hufoka leo akajuta kesho. Hata homoni ya usingizi huchelewa kutoka katika umri wake, kwa hiyo kuchelewa kulala peke yake si uvivu wala ugonjwa.

Lakini kuacha mpira alioupenda na kuacha chakula, tena kwa zaidi ya wiki mbili, hilo mimi siliiti balehe. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa vijana mara nyingi huonekana kama hasira kuliko machozi, nasi wazazi tukaipa jina la kiburi. Matatizo mengi ya akili huanza mapema. Karibu nusu huanza kabla ya kutimiza miaka 18.

Namwomba baba, kwa heshima zote, aweke fimbo chini, kwa sababu kijana anayejiona mzigo akichapwa huona amethibitishiwa. Nendeni naye pamoja hospitali ya rufaa ya mkoa, pale Bombo, mwombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, na mumweleze mwezi alioacha uwanja. Simu ya watoto, namba 116, hupigwa bila malipo, naye mwenyewe anaweza kuipiga.

Usiku wa leo usimpakulie peke yake. Weka sinia moja, ukae naye, ule naye, hata kama atachukua tonge mbili tu.