"Mwambie huyo afande najua anakolala": je, ni kosa?

SWALI: Shikamoo wakili. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Afande mmoja alimkamata, pikipiki ikapelekwa kituoni. Jioni, hasira zikiwa zimempanda, akamwambia mama muuza chai aliye karibu na kituo: "Mwambie huyo afande najua anakolala na watoto wake wanasoma wapi." Mama akayafikisha maneno hayo. Sasa ameshtakiwa kwa kumtishia afisa wa polisi, na yuko nje kwa dhamana. Hakuonana naye uso kwa uso, wala hakutaja kupiga au kuua. Hilo nalo ni kosa? — Dada yake, Kisauni.

JIBU: Marahaba, dada. Ndiyo, linaweza kuwa kosa, na hiyo hoja ya kwamba hawakuonana msiitegemee sana.

Kifungu cha 238 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamshika mtu anayetishia kumdhuru mwenzake isivyo halali, mwili wake, sifa yake au mali yake, kwa nia ya kumtia hofu. Kinawataja pia watu ambao huyo mwenzake anawajali, na watoto ni wa kwanza kabisa. Adhabu ni hadi miaka 3 jela. Hakikuandikwa kwa ajili ya polisi peke yao: kinamlinda afande kama kinavyokulinda wewe. Wala hakisemi lazima tisho litolewe ana kwa ana. Kifungu cha 223, cha vitisho vya kuua, kiko wazi zaidi: anayesababisha tisho limfikie mtu, moja kwa moja au kwa kupitia mwingine, anaweza kufungwa miaka 10.

Neno linalomuumiza mdogo wako ni "mwambie". Angekuwa analalamika tu huku akinywa chai, ningekuwa na mengi ya kumtetea. Lakini alituma, na alitaka ufike. Na kuwatia watoto katika ugomvi wa pikipiki, dada, hilo silitetei hata kidogo. Watoto wale hawakumkamata mtu.

Hata hivyo kesi haijaisha. Ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha nia ya kutia hofu, bila shaka yoyote ya maana. Mama muuza chai ndiye aliyesikia kwa masikio yake; afande yeye ameambiwa tu. Kwa hiyo maneno kamili, kama atakavyoyasema huyo mama kizimbani, yana uzito mkubwa. Tafadhali usimwendee kumbembeleza. Kuvuruga shahidi ni kosa jingine, na dhamana inaweza kufutwa.

Kuna jambo nataka maafande nao walisikie. Mtu akisema "nitakushtaki IPOA" (mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi) au "tutaonana mahakamani", hajatishia kosa lolote, kwa sababu kulalamika ni haki yake. Kifungu kinazungumzia madhara yasiyo halali. Kumkosoa askari hadharani pia si jinai: mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 132, kilichokuwa kikiwashtaki watu kwa kudunisha mamlaka ya afisa wa umma.

Mtafutieni wakili kabla kesi haijaanza kusikizwa, na asiandike wala kumwelezea mtu mwingine chochote kuhusu siku ile. Kama pikipiki ilishikwa bila sababu, hayo ni malalamiko tofauti. Yaandikeni, mwombe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), na myapeleke IPOA kwa jina lenu wenyewe.